Kumlisha mtu asiyeweza kusema ameshiba

Mie ni nesi, nina miaka 11 ndani ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na ukiniuliza kazi gani mle ndani inadharauliwa kuliko zote nitakwambia ni kulisha. Mashine ya kupumulia kila mtu anaiheshimu, dawa ya kupandisha presha tunaihakiki watu wawili, damu tunasoma namba ya chupa na namba ya mgonjwa mpaka mdomo unakauka, ila chupa ya chakula ikifika inatundikwa tu huku mtu anapiga stori na mwenzake. Nami nilikuwa hivo hivo. Nilikuwa naona dawa ndo inaua, chakula kitamdhuru nani jamani, chakula si ni huruma tu. Karibu kila kosa nililofanya kwenye hii kazi limetoka hapo.

Nianze na la mpira maana ndo lilinitangulia. Nilikuwa wiki ya tatu pale, nikapewa mgonjwa mwanaume mtu mzima, yuko kwenye usingizi wa dawa, ana mpira wa hewa mdomoni, nikaambiwa muwekee mpira wa chakula wa puani. Nikapima kama tulivofundishwa, unaanzia ncha ya pua unaenda mpaka ndewe ya sikio, toka hapo unashuka mpaka chembe cha moyo, unatia alama, halafu unapaka kilainishi unaingiza taratibu. Ukateleza wote mpaka kwenye alama, hakukohoa hata mara moja, nikajisifu kimoyomoyo kwamba mkono wangu mwepesi. Nikachukua sirinji nikavuta hewa, nikaweka stethoskopu tumboni, nikasukuma, nikasikia ile "bwoo". Nikagandisha plasta puani. Tayari nimeshika chupa naitundika, akapita sista mmoja wa zamani, mama mtu mzima, akasimama.

"Umehakikisha huo mpira?"

"Ndio sista, nimesikia hewa."

"Hewa umeisikia. Tumbo umeliona?"

Nikabaki namwangalia. Akaniambia shusha chupa, vuta maji ya tumboni tupime asidi. Nikavuta, hakuna kitu, nikavuta tena, kamate kadogo tu ka mapovu. Akasema ita eksirei. Picha ilipokuja ule mpira ulikuwa umeshuka moja kwa moja kwenye pafu la kulia, umenyooka vizuri kabisa, ncha iko chini kule karibu na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndo maana sauti ya hewa nilikuwa naisikia tumboni kama kawaida. Ningefungua pampu ningekuwa namwaga chakula ndani ya pafu la mtu ambaye hawezi kukohoa wala kunisukuma mkono. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi dakika kama kumi hivi, miguu haina nguvu.

Watu wengi wanadhani ule mpira wa hewa ukiwepo na kiputo chake cha kuziba pembeni kimejazwa basi njia ya hewa imefungwa, wa chakula hauwezi kupita. Unapita. Ni mwembamba, unateleza pembeni ya kiputo kama hakuna kitu, na mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hana kikohozi cha kukushtua. Tangu siku ile kusikiliza hewa kwangu si kipimo. Ninachokubali ni karatasi ya asidi ikisoma 5.5 kushuka chini, na hapo pia kuna mtego kwa sababu wagonjwa wetu wengi wanapewa dawa za kukata asidi kuzuia vidonda vya tumbo, kwa hiyo unaweza kuwa tumboni kabisa na karatasi ikakusomea 6 au 7, hapo hakuna ubishi, eksirei. Na eksirei yenyewe usome, usiangalie tu kama "mpira upo". Unaufuata kwa jicho, uteremke katikati ya kifua, upite pale bomba la hewa linapogawanyika bila kufuata tawi la kulia wala la kushoto, uvuke kiwambo, ncha ionekane chini yake upande wa kushoto. Uingereza tangu 2009 kulisha kupitia mpira uliokaa vibaya wamekuweka kwenye orodha ya makosa ambayo hospitali haitakiwi kuyafanya hata mara moja, na bado yanatokea. Nimeshafundisha manesi wageni wengi hili, wengine hawasikii ndewe wala sikio, ukigeuka tu wanatafuta stethoskopu.

Halafu mpira ukikaa sawa leo haina maana kesho utakuwa palepale. Mgonjwa anageuzwa, anatapika, anakohoa, anashtuka usingizini anauvuta. Ndo maana ile alama ya sentimita puani naiangalia kila naposhika shifti na kila kabla ya kuweka kitu, hata kama dakika 20 zilizopita niliiangalia.

Sasa nije kwa lile linalonikaa rohoni zaidi. Nilikuwa na mgonjwa mwanamke, kilo 38, ana ugonjwa uliomziba umio, wiki kama tatu alikuwa anameza matone ya maji tu. Aliletwa kwetu kwa nimonia, anapumua mwenyewe kwa barakoa ya oksijeni, anajitambua, anaongea kidogo. Ukimwona mikono yake unataka kulia. Kulikuwa na karatasi ya utaratibu ukutani, anza ml 20 kwa saa, kama anavumilia ongeza kila saa 4 mpaka ufike lengo, na lengo kwenye ile karatasi lilikuwa moja kwa kila mtu. Alikuwa anavumilia vizuri, hatapiki, tumbo laini, kwa hiyo nikaongeza, na wenzangu wakaongeza, mpaka kesho yake asubuhi yuko ml 55 kwa saa na sote tumefurahi. Kaka yake alikuja saa za kuona wagonjwa, akaiangalia ile chupa inavodondoka, akanishika mkono akasema, "Asante sana sista, angalau sasa dada yangu anakula."

Jioni ya siku ya pili moyo ukaanza kwenda ovyo. Akawa mzito kupumua, si kwa pafu, pafu lilikuwa linapata nafuu, ni misuli tu haina nguvu, anavuta hewa kama mtu aliyechoka kuvuta kamba. Majibu ya damu yakarudi toka maabara, fosfeti, moja ya madini ya damu, 0.28, alipoingia ilikuwa 0.9. Potasiamu chini, magnesiamu chini. Usiku ule akawekwa kwenye mashine.

Kilichotokea ni kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu unajifunza kuishi kwa mafuta yake, unapunguza kila kitu, na akiba ya hayo madini ndani ya seli inakuwa imekwisha ingawa kwenye damu namba bado zinaonekana nzuri. Ukimwaga sukari ghafla insulini inapanda, seli zinafungua milango zinavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwa mkupuo, damu inabaki tupu, na bila fosfeti misuli haina nguvu, wa moyo na wa kupumulia ukiwemo. Vitamini B1 nayo inaisha palepale kwa sababu inatumika kuchoma ile sukari. Hili si jambo jipya, baada ya Vita Kuu ya Pili mwaka 1945 watu waliotolewa makambini wakiwa mifupa mitupu walikufa baada ya kupewa chakula cha kutosha na watu wenye nia njema kabisa. Mie nilikuwa nimelisoma chuoni, mtihani nililijibu. Kitandani sikulitambua.

Ukipiga hesabu inauma. Chakula chenyewe kalori 1 kwa kila ml, ml 55 kwa saa ni 1,320 kwa siku, gawanya kwa kilo 38 unapata karibu kalori 35 kwa kilo. Mtu kama yule mwongozo wa Uingereza wa 2006 unasema anza na 10 kwa kilo, yaani ml 16 kwa saa, na kwa aliyekaa na njaa zaidi ya siku 15 hata 5, B1 itangulie kabla ya chakula, na madini upime kila siku ukiyarudisha. Sisi tulimpa mara 3 na nusu ya kipimo huku tunapongezana. Alipona, baada ya siku 12 alitoka ICU, lakini hizo siku zote za mashine zilikuwa za bure, na kaka yake hakuna aliyemweleza sawasawa, aliambiwa tu "hali imebadilika". Hilo la kutomweleza bado sijalisamehe, na nami nilikuwemo.

Tangu hapo swali langu la kwanza si "apewe ngapi", ni "mara ya mwisho alikula lini". Namuuliza ndugu, kwa sababu faili halisemi. Amepungua mpaka nguo zinampwaya? Alikuwa anakunywa pombe badala ya chakula? Saratani, upasuaji wa tumbo, kutapika wiki nzima? Na fosfeti ikianza kushuka baada ya kuanza kulisha sipeleki tu dawa ya kuipandisha, nampigia dokta tupunguze chakula. Kuna utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2015, watu 339 wa ICU ambao fosfeti ilishuka baada ya kuanza kulishwa, waliopunguziwa kalori kwa siku chache walikuwa wengi zaidi walio hai siku ya 60 kuliko walioendelea kulishwa kama kawaida. Watu wengine bado wananiona nawanyima wagonjwa.

Na hata asiye na njaa ya muda mrefu, siku za kwanza za ugonjwa mkali mwili wake uko vitani, unabomoa misuli na kujitengenezea sukari wenyewe, na tofauti na mtu mzima wa afya hauachi hata ukimletea chakula. Kwa hiyo ukimpa kipimo kamili siku ya kwanza unakuwa umejumlisha juu ya kile anachojipa mwenyewe. Sukari inapanda, ini linajaa mafuta, kaboni dioksaidi inaongezeka na yule uliyetaka kumtoa kwenye mashine anashindwa kutoka. Tunaanza mapema, ndani ya saa 24 mpaka 48, ila kidogo, tunapanda ngazi siku ya 3, ya 4. Zamani nilikuwa naamini kila kalori unayomkosesha mtu ni deni. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa, watu karibu 4,000, nusu wamepewa chakula chenye kalori moja na nusu kwa ml, nusu ya kawaida, baada ya siku 90 vifo havikutofautiana. Protini nayo hivo hivo, 2023 ukatoka mwingine wa watu zaidi ya 1,300, kipimo kikubwa cha protini hakikuwatoa hospitali mapema, na wale ambao figo zilikuwa zimeshtuka inaonekana kiliwaumiza.

Lakini tusije tukageuza hiyo kuwa kisingizio cha uvivu. Kuna tofauti ya kumpa mtu kidogo kwa makusudi na kumpa kidogo kwa kumsahau, na ICU kilichojaa ni hiki cha kumsahau. Siku moja usiku kulikuwa kumetulia nikaamua nijumlishe kilichoingia kwa mgonjwa wangu, yuko siku ya 9, lengo lake ml 60 kwa saa, sawa na 1,440 kwa siku. Kwa muda wa saa 6 chakula kilisimamishwa kusubiri upasuaji ambao ukaahirishwa na hakuna aliyekumbuka kukirudisha. Saa 2 nyingine alikuwa kwenye picha ya CT. Saa moja na nusu ya kuogeshwa na kugeuzwa, watu walifunga pampu wakasahau kufungua. Saa 3 zingine ni kwa sababu mtu alivuta mabaki ya tumboni akapata ml 220 akaona ni nyingi. Jumla saa 12 na nusu, aliyopata ni ml 690. Na kwenye chati tumeandika kila siku, kwa mwandiko mzuri kabisa, "anavumilia chakula".

Hayo ya kuvuta tumboni nayo tulikuwa tunayafanya kama ibada. Kila saa 4 unavuta, ukikuta 200 unasimamisha, unamwaga, unaandika. Sasa mwongozo wa Marekani wa 2016 unasema usipime kila mtu kila saa, na kama unapima usisimamishe chini ya 500 kama hakuna dalili nyingine, na Wafaransa 2013 walijaribu kutopima kabisa kwa wagonjwa 449 wa mashine, nimonia haikuongezeka. Mie kilichonibadilisha zaidi ni kuangalia tumbo lenyewe. Limevimba? Limekaza kama ngoma? Anatapika? Kamasi anazovutwa zina rangi ya chakula? Dozi ya dawa ya kupandisha presha inaongezeka na lakteti, ile asidi ya damu inayozidi mwili ukikosa oksijeni, inapanda? Hiyo ya mwisho ndo inanitisha kuliko 220 yoyote, maana mtu aliye kwenye mshtuko damu ya utumbo inakuwa imebanwa, ukimlazimisha kusaga chakula utumbo unaweza kufa. Hapo simamisha na ita mtu, usisubiri raundi. Ila huyu aliyetulia presha, amelala kichwa kimeinuliwa digrii 30 mpaka 45, ana 220 tumboni, mwache, au mpe dawa ya kusukuma tumbo. Sauti za utumbo pia tulikuwa tunazisubiri kama mwaliko wa harusi, kumbe hazihitajiki ili kuanza.

Siku hizi napiga hesabu ya chakula kwa siku si kwa saa. Kama leo lengo ni 1,440 na mpaka saa ya 10 ya siku ameingiza 240 tu kwa sababu ya mizunguko, zimebaki 1,200 kwenye saa 14, napandisha iwe 86 kwa saa, kwa kibali na kwa mgonjwa anayefaa, si yule wa fosfeti. Na dripu ya propofoli naihesabu. Wengi hawajui kwamba ile dawa nyeupe ya usingizi ni mafuta, kalori 1.1 kwa kila ml, ikienda 20 kwa saa siku nzima ni kalori 528 zimeingia bila mtu kuziandika popote. Nilikuwa na mgonjwa tunashangaa mafuta ya damu yanapanda, tumebadilisha chakula mara mbili, kumbe yanaingia kwa mkono mwingine.

Kosa langu la sukari nalisema haraka maana linanitia aibu. Nilimpeleka mgonjwa CT, nikafunga pampu ya chakula, nikabeba oksijeni, nikabeba mashine, nikabeba dawa za dharura, na pampu ya insulini nikaiacha inatembea. Tulikaa kule karibu saa nzima. Kurudi nikampima, 2.4. Mtu mwenye akili zake angetetemeka, angesema najisikia vibaya, huyu alikuwa amelala tu kama alivolala jana. Alipewa glukozi, akarudi sawa, nikaandika ripoti mwenyewe kabla sijaulizwa. Siku hizi nagusa pampu mbili kwa mkono mmoja, chakula kikifungwa insulini inafungwa, na wageni nawafundisha kwa kuwashika mkono kabisa waziguse.

Kuhusu mshipa. Ndugu wakisikia kuna chakula cha kupitia mshipani wanaona hicho ndo cha watu wazito, kile cha puani cha masikini. Kinyume chake, utumbo ukifanya kazi tunautumia utumbo. Kile cha mshipani ni muujiza kweli, miaka ya 1960 kule Philadelphia Stanley Dudrick na wenzake walikuza watoto wa mbwa kwa mshipa peke yake mpaka wakawa wakubwa, baadaye wakamlisha hivyo mtoto mchanga aliyezaliwa utumbo haupo karibu wote. Kwa mtu aliyekatwa utumbo, au una tundu, au umeziba, hiyo ndo njia ya kuishi. Lakini ni sukari na mafuta na protini vimekaa kwenye mfuko mmoja vinaingia karibu na moyo, na vijidudu vinapenda hicho chakula kuliko mgonjwa. Ndo maana mrija wake ni wake peke yake, hauchomeki antibaiotiki hapo, huvuti damu hapo, hata kama mirija mingine imejaa na dokta amesimama juu yako anasema "weka tu hapo mara moja". Nilishamkatalia mmoja, akakasirika, wiki ile hatukusalimiana.

Na haraka pia haina faida. Ubelgiji 2011, watu 4,640, waliosubirishwa mpaka siku ya 8 ndo wakaongezewa cha mshipani walitoka ICU mapema zaidi na maambukizi yalikuwa machache kuliko walioongezewa mwanzoni. Hiyo nilimwonyesha dokta kijana mmoja aliyekuwa anataka kuanza siku ya 2 kwa sababu cha puani kilikuwa kimefika nusu tu ya lengo. Akasoma, akakuna kichwa, akasema basi tusubiri. Mfuko ukiisha usiku na mwingine haujafika, usiache mrija mtupu, weka maji ya sukari, dextrose asilimia 10, kwa mwendo uleule na punguza insulini, sukari isianguke.

Kuharisha nitasema kidogo tu. Kila mtu analaumu chakula. Angalia kwanza dawa za maji, nyingi zina sobitoli, sukari inayolegeza tumbo, angalia antibaiotiki, pima kile kidudu cha klostridia. Mara nyingi chakula kinasingiziwa. Na mpira ukiziba mara nyingi ni sisi wenyewe, tumeponda vidonge vitatu pamoja tukasukuma bila maji. Maji ml 30 kabla na baada, kila kidonge peke yake, na kile cha kutoa dawa polepole usikiponde kabisa, unampa mtu dozi ya siku nzima kwa mara moja. Na usirudishe waya ndani ya mpira uliokwisha kaa mwilini eti unauzibua, utatoboa mtu.

Mgonjwa wa mwisho ninayetaka kumtaja ni mzee mmoja aliyekaa kwetu siku 26. Mkewe alikuja siku ya 4 na kontena la chakula alichopika mwenyewe, akasimama mlangoni amelikumbatia, akaniambia, "Mwanangu, mmempa nini leo? Baba hapendi kulala na njaa." Zamani ningemwambia mama usijali anakula, basi. Nikakumbuka yule kaka. Nikavuta kiti, nikamwonyesha chati, nikamwambia leo anapata nusu, si kwamba tunamnyima, mwili wake kwa sasa hauwezi zaidi, kesho kutwa tutapanda. Nikamwambia pia kwamba atakonda, hata tukifanya kila kitu sawa, misuli ya paja inaweza kupungua karibu asilimia 18 ndani ya siku 10, London walipima kwa picha mwaka 2013, na hakuna chupa inayozuia hilo lote. Alilia kidogo. Halafu akatoa kadaftari kwenye mkoba, akaandika: nusu.

Kila siku alikuwa anakuja anauliza namba, anaandika. Siku ya 11 alinikuta nimechelewa kurudisha chakula baada ya mgonjwa kutoka eksirei, akaangalia saa ya ukutani, akasema, "Mama, pampu haina taa ya kijani." Hakukosea. Nilimwomba radhi nikaifungua.

Siku ya 19 walimtoa mpira wa hewa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, neno la kwanza lilikuwa maji. Mtaalamu wa kumeza akampa kijiko kimoja cha chai cha maji, akakohoa, akampa cha pili, akakohoa macho yakajaa machozi, kwa hiyo mpira wa puani ukabaki. Mzee alikasirika vibaya, akanigeuzia uso ukutani, mkewe akawa anambembeleza pale, baba vumilia, baba bado kidogo. Usiku wa siku ya 22 nikiwa kwa mgonjwa wa jirani nikasikia pampu inalia, kwenda nikakuta ameuvuta wote, ameushika mkononi umekunjamana, chakula kinamwagika kwenye shuka.

"Nimeshiba," akasema.

Nikafunga pampu, nikafunga na insulini, nikampima sukari, 6.8. Nikabadilisha shuka. Halafu nikampigia simu mtaalamu wa kumeza aje asubuhi na mapema kabla sijafikiria kuweka mwingine.